Wimbo wa Baba Mkwe

Ilemba,
14 Machi 1993

Mwanangu mpendwa Fortunata,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo, isipokuwa moyo wangu hauko sawa. Wiki iliyopita ng'ombe wa Shija, yule Msukuma aliyehamia ng'ambo ya mto mwaka juzi, waliingia shamba la chini. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Nilipofika asubuhi nilikuta mabua yamelala chini yote, na kinyesi cha ng'ombe ndiyo asante yangu. Shija hakukataa. Alikuja nyumbani, akavua kofia, akasema, "Mzee, ni ng'ombe wangu. Walikosa pa kula." Nikamwambia, wakikosa pa kula ndiyo wanile mimi?

Bwana Eustace, katibu kata wetu, alikuja kuliona shamba. Amesema wafugaji hawa atawaondoa wote warudi walikotoka, ila sisi wenyeji tusimame naye. Mimi nimemwambia nitasimama.

Wewe ndiye mwenye sheria katika ukoo huu. Niambie sheria inasemaje. Na ile kazi ya uwakili wa serikali uliyoiomba, wamekujibu? Nimeshawaambia watu kanisani, hata Padri amenipa mkono. Usikae sana kwa huyo wakili wa Mbeya. Mtu aliyesomeshwa na serikali aitumikie serikali.

Ni mimi baba yako,
Polikarp


Mbeya,
2 Aprili 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake. Nimesikitika sana kwa ajili ya shamba. Najua lile shamba la chini ndilo ulilokuwa unalitegemea baada ya mbolea kupanda bei. Usililime upya kabla bwana shamba hajaja kupima hasara na kuandika. Ukishapata maandishi yake, mfungulie Shija madai mahakama ya mwanzo. Hiyo ni haki yako, na haihitaji mtu yeyote kufukuzwa kijijini.

Kuhusu kazi ya serikali, bado nasubiri. Kwa sasa ninajifunza mengi hapa. Wakili Anyosisye ni mtu wa Tukuyu, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa kuta, lakini akisimama mahakamani unaweza kusikia nzi akiruka. Tangu vyama vingi viruhusiwe, watu wamefunguka midomo, na kila wiki tunaletewa mtu aliyeshtakiwa kwa maneno. Juzi alikuja mwalimu anayechapa kijigazeti chake kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Kabla yake alikuja mama mmoja wa Vwawa aliyeuliza swali kwenye mkutano wa hadhara, akalala rumande. Swali tu, Baba.

Mwanao,
Fortunata


Ilemba,
9 Mei 1993

Mwanangu Fortunata,

Barua yako nimeipata. Sikuipenda hiyo habari ya watu wa maneno. Mdomo uliponza kichwa, na mwenye kichwa alikuwa akijua. Wewe usiwe mtu wa kuwafuata hao.

Sasa sikia jinsi Mungu asivyolala. Shija amekamatwa! Si kwa ajili ya mahindi yangu, kwa ajili ya wimbo. Siku ya mnada wa ng'ombe alisimama katikati ya watu na ngoma yake, akaimba kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, Mfipa na Msukuma. Nakuandikia uone ufedhuli wake:

Katibu ana binti mmoja, jina lake Mbuga,
Kamwoza waume wawili, mahari kala zote.
Ng'ombe wetu wale upepo?
Fungua shamba lako, Baba Mkwe, tulishe!

Maana yake anadai Bwana Eustace aliwagawia wafugaji wa makundi mawili mbuga ileile moja, kila kundi likidhani ni lake, na ndiyo sababu ng'ombe wamekosa malisho. Polisi wamemshtaki kwamba amechochea watu wakavamie shamba la katibu. Yuko nje kwa dhamana, lakini kesi iko mahakama ya wilaya. Bwana Eustace anasema akifungwa huyu, wengine watahama wenyewe.

Mwezi ujao nitapanda Sumbawanga. Nakwenda kutafuta jembe la kukokotwa, basi.

Baba yako,
Polikarp


Mbeya,
28 Mei 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Je, mnadani ulikuwepo mwenyewe, au umesimuliwa? Watu walipousikia wimbo walifanya nini?

Na mimi mwezi ujao huenda nikafika Sumbawanga kikazi, kuna mambo ya mirathi ya watu fulani. Sidhani kama nitapata nafasi ya kushuka Ilemba. Usimwambie Mama, asije akanipikia bure.

Bwana shamba alikuja?

Mwanao,
Fortunata


Ilemba,
27 Juni 1993

Fortunata mwanangu,

Mimi si mwandishi, unajua. Ukiona nimeshika kalamu ujue kuna jambo.

Baba yako amerudi Ijumaa na lori la mpunga. Aliniaga anakwenda kununua jembe. Jembe sikuliona. Ugali wa ulezi na kambale nilivyompikia vikapoa mbele yake. Nikamwuliza, "Umeibiwa?" Hapana. "Unaumwa?" Hapana. Mwisho akasema alikwenda kutoa ushahidi kwenye kesi ya Shija. Nikashangaa, maana hakuniambia neno. Nikamwuliza kesi imekwendaje.

Akasema, "Muulize wakili."

"Wakili gani?"

"Wakili wa Shija."

"Mimi nitamjulia wapi wakili wa Shija?"

"Humjui? Umemnyonyesha."

Kisha akaenda kulala. Tangu siku hiyo anakwenda shamba, anarudi, hasemi. Bwana Eustace amepita hapa, hakubisha hodi, alisimama njiani akatazama nyumba, akaenda zake. Watoto wa jirani yetu Kasmir wakamzomea, "Baba Mkwe! Baba Mkwe!" Nikawafukuza, lakini nami nilicheka jikoni.

Mlifanyiana nini huko juu? Mwandikie baba yako. Usiniandikie mimi, mwandikie yeye.

Mama yako,
Hellena


Mbeya,
4 Julai 1993

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia hapa, kwa sababu kule sikukuamkia.

Nianze mwanzo. Kaka zake Shija walikuja Mbeya mwishoni mwa Aprili wakitafuta wakili, na mzee Anyosisye akanipa faili. Nilipoona jina la Ilemba nilimwambia wazi kwamba ng'ombe wa mtu huyu wamekula shamba la baba yangu. Akaniambia, "Usiniambie mimi. Mwambie yeye, aamue." Nikamwambia Shija. Akafikiri, akasema, "Shamba la mzee lililiwa, sijakataa. Nitalipa nikipata. Ninachokataa ni kufungwa kwa wimbo." Nikaichukua kesi. Barua yako ya Mei ilinikuta ninayo tayari. Ningekuambia wakati ule. Niliogopa utanikataza, na nilijua sitatii, basi nikaona heri nisikatazwe. Mirathi niliyokuandikia haikuwepo.

Lakini kwamba wewe ni shahidi, hilo sikulijua mpaka karani alipoita jina lako mlangoni. Nilidhani ni Polikarp mwingine. Ukaingia umevaa lile koti la Pasaka.

Najua hukusikia vizuri yaliyosemwa mwanzo, maana ulikuwa unanitazama mimi. Nilisimama nikamwambia hakimu, "Mheshimiwa, shahidi huyu ni baba yangu mzazi." Akamwuliza mwendesha mashtaka kama ana pingamizi. Akasema hana. Alikuwa anatabasamu, nadhani aliona nitakuwa laini kwako. Kisha hakimu akamwuliza Shija kama anataka nimpishe wakili mwingine. Shija akasema, "Kama anaweza kumhoji babaye, atamwogopa nani tena? Aendelee."

Mzee Anyosisye alikuwa na kesi yake Mbeya. Nilikuwa peke yangu. Nilijua nikikuita Baba, mahakama nzima haitasikia neno jingine. Kwa hiyo nikakuita shahidi. Nayakumbuka yote:

"Shahidi, umesema watu walikuwa na fimbo. Walizichukua baada ya kusikia wimbo?"

Ulikaa kimya mpaka hakimu akainua kichwa. Ukasema, "Mfugaji huja mnadani na fimbo yake. Walikuja nazo."

"Wimbo ulipokwisha walikwenda wapi?"

"Hawakwenda popote. Walicheka."

"Wote?"

"Wote."

"Na wewe?"

Baba, hapo ndipo nilipotamani kukaa chini. Ulinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na wewe, hata siku niliyovunja redio. Kisha ukasema, "Nilicheka. Mpaka nikashika mti."

Watu wakaangua kicheko, na hakimu akainamia karatasi zake muda mrefu kuliko alivyohitaji kuandika.

Ulipotoka nilitaka kukufuata, lakini hakimu alikuwa bado kitini na sikuweza kuondoka. Niliporuhusiwa nilikimbia mpaka stendi. Lori la Ilemba lilikuwa limeshaondoka.

Sikuombi radhi kwa kukuuliza. Nakuomba radhi kwa kukuficha.

Mwanao,
Fortunata


Ilemba,
1 Agosti 1993

Fortunata,

Nimekaa na barua yako muda mrefu kwa sababu kila nikitaka kujibu nakasirika upya.

Nikuambie kilichoniuma. Kuhojiwa hakukuniuma. Kilichoniuma ni ile barua yako ya mwezi wa tano. Uliniuliza, "Watu walipousikia walifanya nini?" Nilidhani ni mtoto anauliza habari za nyumbani. Kumbe wakili alikuwa ananichimba. Nilipokuona pale mbele na suti yako nyeusi, nikaikumbuka barua, nikasema moyoni, huyu ameninasa tangu nilipokuwa nimekaa barazani kwangu.

Mama yako anasema nami nilikuficha. Ni kweli. Anasema tumefanana.

Sasa nami nikueleze usiyoyajua. Usiku ule kabla ya kesi Bwana Eustace alitulaza mashahidi nyumba moja ya wageni pale Sumbawanga, akatununulia nyama. Akatufundisha la kusema. Langu lilikuwa fupi: watu waliposikia wimbo waliinua fimbo, wakaelekea shambani kwake. Nikamwambia, mimi sikuona hivyo. Akasema, "Mzee Polikarp, wataka ng'ombe waondoke au hutaki?" Nikasema nataka. Akasema, "Basi uliona." Nikala nyama yake. Na asubuhi ile mwendesha mashtaka aliponiuliza, nikatoa nusu ya somo, nikasema walikuwa na fimbo, nusu nyingine ikanikwama.

Kisha ukasimama wewe. Fortunata, ungeniuliza kama mwanangu, labda ningekudanganya, maana wewe nilishakudanganya habari ya jembe. Lakini uliniuliza kama mtu baki. Mtu baki aliyenipa heshima ya kusubiri jibu langu. Mkono wangu ulikuwa umetoka kwenye Biblia. Nikaona hapa sina mtoto wala sina katibu.

Na kusema kweli nilicheka siku ile ya mnada. Nilicheka sana. Usiku nikiwa kitandani ndipo nikaacha kucheka, nikawaza: kama mbuga imegawiwa mara mbili, basi ng'ombe walioingia shambani kwangu nani aliwasukuma? Wazo hilo nililifukuza. Hasira yangu ilikuwa imeshampata Shija, na ilikuwa imetulia pale vizuri. Sikutaka kuihamisha.

Siku hizi kijiweni nikifika watu wanapunguza sauti. Kasmir ameniambia waziwazi, "Umewauzia Wasukuma bonde." Yeye shamba lake limeliwa pia.

Bwana shamba alikuja mwezi wa nne, akapima.

Baba yako,
Polikarp


Mbeya,
22 Agosti 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia siku moja kabla ya kupanda basi kwenda kusikiliza uamuzi. Niliisoma njia nzima, kuanzia Tunduma mpaka Laela, ambako tulikaa muda mrefu gari likipakia magunia. Kuhusu swali langu la mwezi wa tano, umesema kweli. Niliuliza kama wakili nikaliandika kwa mkono wa mtoto. Sitarudia tena, kwako wala kwa mtu mwingine.

Hakimu amesema Shija hana kesi ya kujibu. Alisoma kwa Kiingereza, kisha akafunga faili akasema kwa Kiswahili, ili mshtakiwa aelewe: "Mashahidi wengine wamesema mambo yanayofanana mno. Huyu mmoja tu ndiye aliyeonekana kuwa alikuwepo mnadani. Amesema watu walicheka. Mahakama hii haijui kosa la kuchekesha." Alikukusudia wewe, Baba.

Shija hakuruka wala kupiga kelele. Aliuliza tu, "Naweza kuuimba tena?" Nikamwambia anaweza. Akafikiri, akasema, "Hapana. Huo umekwisha. Nitatunga mwingine." Wakili Anyosisye nilipomsimulia alicheka mpaka akatokwa machozi, kisha akaacha ghafla akaniambia, "Unajua wengi hawabahatiki kupata shahidi kama yule. Mwaka jana mimi nilimpoteza mteja wangu, amefungwa, na alikuwa mkweli kama Shija." Sikujua. Alikuwa hajawahi kunisimulia kesi aliyoshindwa.

Kuna jambo jingine, na safari hii nakuambia kabla halijaharibika. Barua ya kazi ya serikali imekuja tangu Mei. Wamenikubali. Niliwaomba muda, na muda unakwisha mwezi ujao. Najua ulishatangaza kanisani. Najua pia kwamba nikibaki huku nitakuwa nalipwa kuku mwaka huu na ahadi mwakani, na kwamba siku nyingine nitawatetea watu ambao maneno yao hata mimi yatanikera. Moyo wangu uko hapa. Lakini sitajibu kabla sijasikia neno lako. Si kwa ajili ya kutaka ruhusa. Nimechoka kukuficha tu.

Mwanao,
Fortunata


Ilemba,
19 Septemba 1993

Mwanangu mpendwa Fortunata,

Salamu sana. Uamuzi nilishausikia kabla ya barua yako, maana Shija mwenyewe alikuja. Alisimama mbali uani mpaka mama yako alipomwita akae. Hatukuongea mengi. Alisema msimu huu atanilimia shamba la chini kwa maksai wake, na kwamba bado anajihesabu ana deni kwangu. Nikamwambia deni analo, nusu. Akauliza, na nusu nyingine anayo nani? Nikamwambia, wewe ulishaimba, unajua. Tukanywa uji.

Sasa sikiliza. Alhamisi kulikuwa na mkutano wa kijiji. Bwana Eustace alisema mpaka wa malisho utapangwa upya na ofisi yake, na habari ya mbuga isizungumzwe tena, maana ni uchochezi. Watu wakainama. Wakulima upande mmoja, wafugaji upande mwingine. Sijui niliinukaje. Mimi ni mtu wa kukaa nyuma, unanijua. Nikasema, "Ndugu katibu, nina swali tu. Mbuga ile uliwapa watu wangapi?"

Akasema, "Mzee, kaa chini."

Nikasema nitakaa nikijibiwa. Akamwita mgambo. Mgambo ni Adolfu, nilimsimamia ubatizo. Akaja, akasimama karibu nami, hakunigusa. Ndipo Kasmir, huyuhuyu asiyenisalimia, akainuka upande wa pili akasema, "Hata mimi nataka kusikia jibu." Kisha mama yako. Kisha Wasukuma wawili watatu. Jibu hatukulipata. Mkutano ulifungwa kwa hasira, na mpaka leo sijui tumepata nini. Kasmir bado ananinunia. Lakini alinisindikiza mpaka njia panda.

Jumamosi nikaletewa barua. Nimeitwa wilayani mwezi ujao kujieleza kwa nini nilivuruga mkutano halali wa serikali.

Habari ya kazi. Nimekwenda kwa Padri, nikamwambia nilitangaza mapema, mwanangu hakwenda serikalini. Akaniuliza amekwenda wapi. Nikakosa jina la kazi hiyo. Nikamwambia, anawauliza watu maswali na kungoja wajibu, na wale wanaokatazwa kuuliza anasimama nao. Akasema hiyo ni kazi. Basi waandikie serikali uwashukuru. Kuku tutakula wote.

Nimeitwa tarehe nne Oktoba. Mama yako anasema nisiende bila wakili. Mimi nasema nisiende bila mwanangu. Tumebishana hapa mpaka taa imeishiwa mafuta. Njoo, yeyote kati yao atatufaa. Lori la Ilemba siku hizi haliondokei tena stendi pale Sumbawanga, linaondokea karibu na kanisa, na dereva mpya ana haraka, usichelewe.

Ni mimi baba yako,
Polikarp